Lita 22,4 za kitabu, lita 28,7 za Goma

Katika daftari langu la kemia kuna mstari niliouzungushia biki nyekundu: moli moja ya gesi yoyote, yaani idadi maalumu ya molekuli, huchukua lita 22,4 katika hali ya kawaida. Hiyo hali ya kawaida ni nyuzi 0 za Selsiasi na mgandamizo wa angahewa 1, yaani hektopaskali 1013. Jioni hii mstari huo umenikalia kichwani, maana hapa Goma hakuna aliyewahi kuishi katika hali hiyo hata dakika moja. Baridi inayokaribia sifuri wanaijua wale waliowahi kupanda volkano ya Nyiragongo na kulala juu ukingoni. Angahewa 1 ndiyo hatuijui kabisa. Anayeitaka ateremke mpaka usawa wa bahari, Moanda kwenye pwani ya Kongo, au Mombasa.

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1460 hivi juu ya bahari, na mji wetu unaanzia pale majini ukipanda kuelekea volkano. Kwa kimo hicho hewa inatukandamiza kwa hektopaskali 850 hivi. Basi nikachukua zile lita 22,4, nikazidisha kwa 1013 nikagawanya kwa 850, kisha nikazidisha kwa 293 nikagawanya kwa 273 kwa ajili ya joto la nyuzi 20 la nyumbani kwetu (kwa kelvini, nyuzi 0 ni 273 na nyuzi 20 ni 293). Nikapata lita 28,7. Hiyo ndiyo moli ya Goma. Gesi ni ileile, molekuli ni zilezile, hakuna aliyeongeza hata moja. Zimepata nafasi tu, zikajinyoosha.

Sehemu ya mgandamizo katika hesabu hiyo imetokana na sheria ya Boyle, ambayo sisi tunaiita ya Boyle na Mariotte. Robert Boyle aliichapisha Uingereza mwaka 1662: gesi iliyofungiwa, joto likibaki palepale, ukiigandamiza mara mbili ujazo wake unabaki nusu. Edme Mariotte akaiandika Ufaransa mwaka 1676. Kila nchi ikashika mtu wake, na sisi tunaosoma kwa Kifaransa tukarithi jina la wote wawili.

Boyle alitumia mrija wa kioo uliopinda kama herufi J, akamwagia zebaki upande mrefu, hewa ikabanwa upande mfupi uliozibwa. Sisi zebaki hatuna, na kwa kweli sitamani tuwe nayo, ni sumu. Prof wetu alikuja na bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe. Alivuta hewa mpaka alama ya 20, akaziba tundu kwa plastiki iliyoyeyushwa, akalisimamisha bomba kwenye kipande cha ubao alichokitoboa, akaanza kupanga vitabu juu ya kishikio chake. Kwanza kamusi. Halafu Biblia ya mwenzetu mmoja, na hapo darasa likacheka.

"Munasikia?" akasema. "Sifinye mimi. Vitabu ndiyo vinafinya."

Kishikio kilishuka, kikakwama, kikashuka tena. Ule mpira mweusi wa ndani unang'ang'ania ukuta wa bomba. Ukiugusa kidogo unashuka zaidi, na ukiuachia haurudi ulikotoka. Namba zetu zikatoka zimetawanyika kuzunguka mstari wa grafu badala ya kulala juu yake. Mimi zilinipendeza hivyo. Namba za kitabu ni safi mno, unadhani gesi haijawahi kukutana na mpira.

Ila kilichonishika zaidi ni ule mstari wa kwanza wa jedwali, kabla ya kitabu chochote. Juu ya kishikio hakukuwa na kitu, basi mtu angeandika sifuri. Lakini kwa Boyle, mgandamizo ukizidishwa kwa ujazo lazima utoe namba ileile katika kila mstari. Ukiandika sifuri, hesabu inakukatalia palepale: sifuri mara 20 ni sifuri, na mistari mingine haitakubaliana nayo kamwe. Kumbe hewa yenyewe ilishakaa pale juu kabla yetu. Bomba lile ndani yake lina eneo la sentimita za mraba 3 hivi, na juu ya eneo hilo hewa ya Goma inakandamiza kama mzigo wa kilo 2,6. Ili mililita 20 ziwe 10, unamwongezea mzigo mwingine wa kiasi hichohicho, ukiacha ule ubishi wa mpira. Moanda ungehitaji kilo 3,1. Vitabu vilevile, bomba lilelile, lakini mwanafunzi wa Moanda angelazimika kumwazima jirani yake kamusi ya pili.

Nikarudi nyuma kidogo kutafuta nani alijua kwamba hewa inapungua uzito ukipanda. Hapo ndipo nilipopata kitu ambacho nimekuwa nikikisimulia kwa kila anayenivumilia. Mwaka 1648, kabla ya Boyle kuandika sheria yake, Blaise Pascal alimwomba shemeji yake Florin Périer apande mlima Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na mrija wa zebaki. Tarehe 19 Septemba Périer akapanda. Mrija mwingine aliuacha chini mjini Clermont, mtawa mmoja akiuangalia kutwa nzima kama utacheza. Wa chini haukucheza. Kule kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya sentimita 8. Basi ikajulikana kwamba kinachoinua zebaki ni uzito wa hewa, na juu hewa ni chache.

Kimo cha Puy de Dôme ni mita 1465.

Nilisoma mara ya pili kuhakikisha. Hicho ndicho kimo cha maji yetu! Yule bwana alipanda mlima mzima, tena volkano iliyolala, akiwa na vioo na zebaki mkononi na mashahidi nyuma yake, ili afikie hewa ambayo wavuvi wa sambaza wanaivuta pale Kituku, ufukweni mwa Goma, wakiwa wamekaa ndani ya mtumbwi. Angezaliwa Himbi, mtaa wa hapa Goma, asingepanda popote, ingebidi ateremke. Sijui kwa nini vitabu vinavyofundishia watoto wa Kivu havisemi hili. Ni sentensi moja tu.

Nyumbani nilimwendea mama na habari hiyo akiwa jikoni. Nikamweleza kwamba hapa maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100 kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi, ndiyo maana maharagwe yanatuchelewesha.

"Kumbe," akasema, akipuliza makaa ya moto. "Basi ambia hiyo hewa yako ilipe makala."

Jirani ana sufuria ya presha. Ile inarudisha mgandamizo tuliokosa na kuupita, na maharagwe yanaiva mapema. Mama anaiogopa mlio wake, basi mazungumzo yakaishia hapo.

Mdogo wangu ndiye aliyenipeleka kwenye ziwa. Yeye amesikia shuleni kwamba ndani ya Kivu kuna gesi, na namba aliyoishika ndiyo wanayoitaja wataalamu: kaboni dioksidi kilomita za ujazo 300 hivi, na metani kama 60. Mtoto ana kichwa cha kuuliza. Ziwa lote maji yake ni kilomita za ujazo 500 na kitu.

"Yaya," akasema, "sasa ile gazi inaingilaka wapi? Maji iko wapi?"

Ni swali zuri kuliko mengi tuliyoulizwa ubaoni. Gesi ya 360 ndani ya maji ya 500, na maji hayajafurika mpaka mtaa wa Birere. Jibu ni kwamba kule chini gesi hiyo haina ujazo wake. Imeyeyuka ndani ya maji, molekuli moja hapa nyingine pale, haina hata povu. Zile kilomita 360 ni ujazo ambao ingekuwa nao kama ingetolewa yote na kupimwa kwenye nyuzi 0 na angahewa 1, yaani katika ile hali ya kawaida ya daftari langu. Ukiipimia hapa Goma, kwa joto letu na hewa yetu, inakaribia 460. Kwa hiyo ni 360, au 460, au si chochote, na majibu yote matatu ni ya gesi ileile. Anayekutajia ujazo wa gesi bila kukutajia mgandamizo wake bado hajakwambia kitu. Hilo ndilo nimelipata kwenye somo hili, na naona lingetosha kuwa somo zima.

Akataka kujua nani anaizuia chini. Nikamwonyesha chupa ya soda: ikiwa imefungwa huoni povu, unafungua kizibo, mgandamizo unashuka, gesi inakimbia. Hiyo si sheria ya Boyle, ni ya William Henry, ya mwaka 1803: kadiri gesi inavyokandamizwa juu ya maji ndivyo inavyoyeyuka kwa wingi zaidi. Watu wengi wanazichanganya hizi mbili, na ziwa letu linazitumia zote kwa zamu. Kizibo cha Kivu ni maji yenyewe ya juu. Kila mita 10 za kina huongeza karibu angahewa 1, na ziwa linafika mita 480 hivi. Tena maji ya kilindini yana chumvi nyingi na ni mazito zaidi, hivyo hayapandi kuchanganyika na ya juu.

Boyle anaingia pale povu linapozaliwa. Chukua povu moja kwenye mita 300. Pale linakandamizwa na angahewa kama 30. Lipande mpaka juu, ambako hewa yetu ni angahewa 0,84 tu, na ujazo wake umekua mara 35. Joto la kilindini na la juu hapa havitofautiani sana, nyuzi chache tu, kwa hiyo hesabu ya Boyle inakaa vizuri bila kusahihishwa. Kama ziwa lingekuwa usawa wa bahari, povu lingekua mara 30. Tofauti hiyo ni hewa yetu nyepesi, ileile ya maharagwe.

Nilimweleza pia habari ya Ziwa Nyos huko Kamerun, maana angeisikia kwingine vibaya zaidi. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 gesi ya kilindini ilifumka kwa ghafla, kaboni dioksidi ikateremka mabondeni, watu wapatao 1700 wakafa. "Na sisi?" akauliza. Na sisi, kilindi cha Kivu kina gesi nyingi mno kuliko Nyos, lakini haijajaa mpaka maji yashindwe kuibana. Imefika kama nusu ya kiwango hicho hivi. Wanasayansi wanaifuatilia. Ng'ambo ya Rwanda, Karongi, kuna mtambo uliozinduliwa rasmi mwaka 2016 unaovuta maji kutoka mita kama 350 na kutoa umeme wa megawati 26 kwa metani iliyomo. Kilichonifurahisha ni kwamba pampu ni ya kuanzishia tu. Maji yakishaanza kupanda ndani ya bomba, mgandamizo unapungua, mapovu yanatoka na kutanuka, maji yanakuwa mepesi, yanajivuta yenyewe. Boyle anafanya kazi bila mshahara.

Mazuku, ile hewa inayoua mashimoni, ni habari nyingine, ingawa watu huiweka pamoja na gesi ya ziwa. Ile kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi, hasa upande wa kuelekea Sake, inakaa mashimoni kwa sababu ni nzito kuliko hewa: moli yake ni gramu 44, ya hewa ni 29. Mgandamizo hauna cha kusema hapo. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, ndipo inapojaa. Ndiyo maana wazee wanakataza kulala mabondeni na kutangulia asubuhi kufuata mbuzi. Walijua kabla ya gramu 44.

Nilimuuliza prof baada ya saa ya kutoka kama kwenye Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, nikiandika 28,7 watanipa alama. Alicheka mpaka akavua miwani. "Ku examen andika 22,4. Swali likitaja mgandamizo mwingine, hapo ndiyo utumie Goma yako."

Wiki ijayo tunaingia kwenye joto, kwa Gay-Lussac, mwanasayansi wa Ufaransa. Nimeshamtafuta: mwaka 1804 alipanda peke yake kwa puto juu ya Paris mpaka mita 7000 hivi, mara mbili ya Nyiragongo, akakuta baridi ya nyuzi 9 na nusu chini ya sifuri. Kwa kimo hicho mgandamizo ni kama hektopaskali 410. Nimempigia hesabu ya moli yake kule juu, inatoka lita 53. Nitamwonyesha prof kabla hajashika chaki.