Bahasha ya Kwenda Nansio

Meli ilipoondoka Bandari ya Kaskazini, Mwanza, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nimekumbatia bahasha kama mtu aliyebeba cheti cha ndoa. Ndani, katikati ya vipande viwili vya hadibodi, kulikuwa na picha moja tu. Hii ilikuwa safari yangu ya nne kisiwani Ukerewe kwa ajili ya picha hiyohiyo. Ipo njia ya barabara, unazungukia Bunda hadi Kisorya halafu unavuka kwa kivuko hadi Rugezi, lakini mimi napenda meli. Vijana walikuwa wamejazana nyuma wakijipiga picha. Jiwe la Bismarck, ule mwamba ulio ziwani pale mjini, nina picha zake zisizopungua mia, na zote zinafanana na kadi za posta, kwa hiyo kamera ilibaki begini.

Niseme mapema kwamba mimi si mpiga picha wa harusi. Nauza vipuri vya pikipiki Nyakato, na kamera nilinunua ya mtumba.

Safari ya kwanza nilikosea kalenda. Nilitaka zile taa za wavuvi wa dagaa zinazofanya ziwa usiku lionekane kama mji. Nikafika mwezi umejaa. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiangaza taa haiwavuti, kwa hiyo nilikuta mitumbwi imepandishwa mchangani na wavuvi wakishona nyavu. Mama mmoja pale mwaloni, wanakoshushia samaki, alinihurumia. "Rudi siku za giza, mwanangu," akaniambia. "Na asubuhi uje huku tunakoanika."

Nikarudi siku za giza. Za usiku sizizungumzii, mtumbwi unayumba na kila taa ilitoka kama mnyoo. Lakini asubuhi, saa tano hivi, nilimkuta yule mama amepinda mgongo akigeuza dagaa kwa fagio la njiti. Mchanga wote ulikuwa umetapakaa dagaa, waking'aa kama vipande vya bati. Kushoto kabisa, mjukuu wake wa miaka kama sita alikuwa ameinua fimbo akifukuza yangeyange aliyekuja kudokoa. Nikabonyeza.

Nikatazama kwenye kioo cha kamera: mama mweusi tii, sura haionekani. Kamera hupima mwanga wote na kutafuta wastani. Ikikutana na mchanga na dagaa wanaometa, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Anayeumia ni mtu, hasa mwenye ngozi kama yetu aliyejitanda kanga, uso uko kivulini. Niliongeza mwanga hatua moja kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, nikaomba Mungu yangeyange arudi. Akarudi. Huwa anarudi, dagaa wa bure nani asiyewataka? Baada ya hapo nilifunga kamera, maana tuko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta na jua likifika utosini kila mtu anakuwa na mashimo mahali pa macho.

Nyumbani niliihariri usiku, mwanga wa laptopu ukiwa juu mpaka mwisho. Ilipendeza mno. Nikainua kivuli cha kanga kidogo tu, kwa sababu kwenye kioo uso wa mama ulionekana vizuri. Kesho yake nikapeleka flashi kwenye duka la kusafisha picha, nikasema inchi 8 kwa 10, kwa kuwa fremu niliyokuwa nimeinunua Makoroboi ilikuwa ya kipimo hicho. Jioni nikapewa picha kwenye bahasha. Sikuifungua vizuri. Nilikuwa na haraka ya meli ya kesho yake, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokamilika.

Mama aliipokea kwa ncha za vidole, mikono yake ikiwa na magamba. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huu mkono wa nani?"

Kwenye ukingo wa kushoto kulikuwa na ngumi ndogo na fimbo, basi.

"Wa mjukuu wako, mama."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Nikaanza kueleza habari za mashine na vipimo vya karatasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo iliyokuja kupiga picha hapa ni mashine?" Wenzake waliokuwa kwenye chanja walicheka hadi mmoja akakaa chini. Akaongeza kwamba na yeye mwenyewe amekuwa kama aliyepigwa usiku. Ilikuwa kweli. Chini ya lile jua, picha ilikuwa giza.

Nikiwa melini kurudi nilipiga hesabu ambayo ningeipiga mapema. Picha ya kamera yangu ni pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha, 6000 kwa 4000. Kipimo cha 8 kwa 10 kinataka 5000 kwa 4000, na hizo 1000 zinazozidi hukatwa, 500 kila upande, usipochagua mwenyewe. Mtoto alikuwa ndani ya zile 500 za kushoto. Ningesema 8 kwa 12 picha ingeingia nzima. Fremu ndiyo iliyonichagulia kipimo, badala ya mimi kuchagua fremu.

Giza nalo lilitoka kwenye laptopu. Kioo kinawaka chenyewe, karatasi haiwaki. Safari hii niliweka karatasi nyeupe pembeni ya laptopu, nikapunguza mwanga wa kioo hadi ukurasa mtupu ukafanana na ile karatasi. Uso wa mama ukazama palepale, nikauona kama alivyouona yeye. Nikainua vivuli upya, nikachapisha vipande vitatu vidogo vyenye mwanga tofauti, nikatoka navyo nje ya duka kuvitazama juani. Kijana wa mashine nilimwomba aizuie isijirekebishie rangi. Alinitazama kama mteja msumbufu, na nilikuwa msumbufu kweli. Nilichukua karatasi isiyong'aa, maana ile ya kung'aa ukiishika juani unaona jua tu.

Basi safari hii ya nne, baada ya saa tatu na ushee tukafika Nansio, bandari ya Ukerewe. Bodaboda alinipitisha katikati ya mihogo na michungwa, bahasha nimeibana kifuani ndani ya koti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemleta?"

Nikampa. Alianza na ukingo wa kushoto. Akaweka kidole juu ya mtoto, kisha juu ya yangeyange, akaguna. Halafu akaja kwenye dagaa. "Hawa walikuwa bado wabichi," akasema. "Watu watadhani nauza hivi." Lakini aliita jirani aje aone.

Kisha akaigeuza. Alitaka niandike nyuma jina la mtoto, mwezi na mwaka. Kalamu yangu iliteleza tu, mgongo wa karatasi ile una plastiki na wino haushiki. Nikajaribu mara tatu. Mama akamtuma mjukuu, akaja mbio na ile kalamu ya wino mzito wanayoandikia viroba vya dagaa, imechakaa ncha na inanuka samaki. Nikaandika taratibu, mtoto kasimama begani kwangu akisoma herufi za jina lake moja moja.