Batman wa kuchechemea

Jana usiku hapa Majengo nimeangalia The Batman ya 2022 na mpwa wangu. Yeye alitaka yule wa katuni. Tukapata Robert Pattinson, wanja umemchuruzika machoni, mvua haikatiki, karibu saa tatu za giza. (Kwa joto hili la Mombasa, hiyo mvua tu ilitosha kunipoza.)

Kilichonishika ni pale anaporuka kutoka juu ya jengo na vazi la mabawa, parachuti inanasa, anajibamiza na kubiringika barabarani, kisha anainuka akichechemea.

"Mjomba, mbona huyu hajui kuruka?"

Nikamwambia ndio kwanza mwaka wa pili kazini. Hakuridhika. Akamaliza viazi karai vyangu, akalala. Mie nikabaki macho hadi mwisho.