SV650S yangu: kutoka foleni ya Ubungo hadi mlima Kitonga

Nilitaka pikipiki yenye injini ya silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, nikachukua Suzuki SV650S, na sababu yangu kubwa ilikuwa barabara ya Dar kwenda Iringa. Pikipiki za michezo zenye silinda nne za mstari, hasa za ujazo wa cc 600, utamu wake uko juu kabisa kwenye geji ya injini, mizunguko 10,000 kwa dakika na zaidi. Huko juu hufiki kwenye barabara yenye vijiji, matuta na vibao vya 50, huku trafiki na tochi yake ya kupimia mwendo akiwa kivulini. SV650S inavuta tangu chini. Ukivuka kibao cha mwisho wa 50 ukiwa gia ya tatu, unafungua mafuta tu, inaondoka.

Suzuki walianza kuitoa mwaka 1999. Yangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ni ya toleo la pili lililoanza 2003, lenye injekta badala ya kabureta. Ujazo ni cc 645, na silinda zimekaa kwa pembe ya nyuzi 90. Pembe hiyo inasawazisha mitikisiko mikubwa ya pistoni, kwa hiyo injini haihitaji shafti ya ziada ya kuituliza. Kuwaka nako hakulingani: silinda moja ikishawaka, krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka nyuzi 270 ndipo silinda ya pili iwake, kisha nyuzi 450 kabla ya kurudi kwa ya kwanza. Mngurumo ule unaowafanya watu wa vituoni wageuke unatoka hapo.

Kazi niliyoitilia mkazo kwanza ilikuwa shokapu za mbele. Springi zilikuwa laini kwa mtu wa kilo 85 kama mimi, tena zimechoka kwa umri. Ukishika breki kabla ya tuta, mbele inazama yote, na kwenye kona yenye viraka tairi linarukaruka badala ya kushika lami. Nilifunga kamba ndogo ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye bomba la shokapu. Nikakaa juu nimevaa helmeti, jaketi na buti, rafiki akashikilia pikipiki wima, tukapima imeshuka kiasi gani. Ilipita milimita 50. Nikaagiza springi za kilo 0.9 kwa milimita, yaani kila milimita ya kuibana springi inataka kilo 0.9, fundi akazifunga na kuweka oili mpya ya shokapu, tukapima tena na kurekebisha mpaka ikasimama karibu na 35. Hakuna pesa niliyoitumia kwenye pikipiki hii ikanilipa kama ile. Wengi wakishanunua wanakimbilia ekzosi ya kelele. Mimi ningemwambia kila mtu aanze na springi.

Kisha zikaja mvua za masika. Kwenye Barabara ya Mandela maji yalikuwa yametapakaa, injini ikaanza kumisi, yaani kuruka mapigo, baadaye ikabaki inavuta kwa silinda moja. Nilijikokota hadi gereji nikiwa tayari kununua plagi na koili. Fundi akainama, akatazama nyuma ya gurudumu la mbele, akasema, “Kaka, kabla hujanunua kitu, niletee waya mwembamba.”

Silinda ya mbele ya injini hii imelala ikielekea gurudumu, na plagi yake imo ndani ya kishimo ambacho maji ya tairi yanakifikia kwa urahisi. Kishimo kina tundu dogo la kutolea maji ubavuni mwa silinda. Tope na mchanga wa barabara zetu vilikuwa vimeliziba, maji yakajaa, umeme ukawa haufiki vizuri kwenye plagi. Alilizibua kwa waya, akapuliza kwa upepo wa kompresa, akakausha kofia ya plagi na kupaka ndani yake grisi maalumu isiyopitisha umeme. Mimi nikaongezea kipande cha plastiki chini ya madigadi ya mbele. Tangu hapo, kabla ya kila masika na kabla ya vuli, waya unapita kwenye lile tundu.

Foleni ni habari nyingine. Chini ya mizunguko 3,000 injini inagonga na cheni inapigapiga, kwa hiyo Ubungo unakwenda gia ya kwanza, klachi nusu, vidole viwili. Mikono ya usukani iko chini, uzito wa mwili unaangukia viganja. Dawa yake ni magoti: bana tenki kwa mapaja, tumbo likaze, viwiko vilegee. Joto la silinda ya nyuma linakupata pajani, nalo halina dawa zaidi ya kuondoka alfajiri. Saa kumi na moja mimi niko barabarani.

Baada ya Chalinze na Morogoro unaingia Mikumi, ambako barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Hapo ni mwendo wa 70 na macho kandoni, kwani swala hatoi indiketa, na faini ya kugonga mnyama inaumiza. Ukipita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, Kitonga inaanza, na malori ya Zambia na Kongo yanatambaa. Kupanda ni gia ya pili na ya tatu, nguvu ipo muda wote, unasubiri tu mahali unapoona mbele vizuri. Kushuka ndiko kunakonifurahisha zaidi. Ukifunga mafuta, silinda mbili hizi zinaishika pikipiki kwa nguvu, breki zinapumzika. Ila mafuta yafungwe taratibu, kabla ya kona. Ukiyafunga ghafla pikipiki ikiwa imelalia kona, tairi la nyuma linavutwa na mstari wako unapotea.

Ukitaka kununua iliyotumika, nenda na mita ya umeme. Washa, panda hadi mizunguko 5,000, pima kwenye betri. Volti 14 na kidogo ni sawa. Ikibaki 12 au ikipita 15, jua rektifaya (kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri) au koili za kuchajia zina shida, na bei ishuke. Uliza pia nafasi za vali zilipimwa lini, kwani hupimwa kila kilomita 24,000, kisha chuchumaa utazame lile tundu la silinda ya mbele.