Kumbukumbu ya mradi: kuhakiki 2^127 − 1 kwa vipande viwili vya biti 64

Namba yenyewe ni 170141183460469231731687303715884105727, tarakimu 39. Édouard Lucas alionyesha kuwa ni namba tasa mwaka 1876, enzi za karatasi na kalamu. Hapa kazi ni kuirudia hesabu hiyo kwa programu fupi ya lugha ya C isiyotegemea maktaba ya namba kubwa. Namba hiyo tuiite P.

Kanuni ya Lucas na Lehmer: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, bakiza baki ya kugawanya kwa P. Fanya hivyo mara 125 kwa jumla. Ikiishia 0, P ni tasa. Ukipitiliza mzunguko mmoja, 0 inageuka P − 2, nawe utasaka kosa mahali pasipo na kosa.

Kugawanya kwenyewe hakuhitajiki. 2^127 huacha baki 1, kwa hiyo biti zote zinazozidi 127 za mwanzo (kutoka kulia) hukatwa na kujumlishwa na hizo za mwanzo. Hapo ndipo programu ilipokwama. Mkunjo mmoja (kukata na kujumlisha huko) hauishii chini ya 2^127. Jumla inaweza kukaribia 2^128. Namba hukaa katika vipande viwili, chini (biti 64) na juu (biti 63 zilizobaki); cha juu kikibeba biti 64 badala ya 63, zao la kati (chini × juu × 2) linafurika nje ya biti 128, na C haitoi onyo lolote. Kunja mara mbili: zao hilo linatosha, hata ukiliongezea biti 64 zinazobebwa kutoka zao la chini (chini × chini).

Mtego mwingine ni mdogo ila mkaidi. Baada ya mikunjo miwili jibu linaweza kuwa P yenyewe, biti 127 zote zikiwa 1. Hiyo ni 0 kwa sura nyingine. Ilinganishe na P kabla ya kutoa hukumu. Na kabla ya kutoa 2, namba ikiwa 0 au 1, ongeza P kwanza.

Majaribio madogo yamepita. Kwa kipeo 7 (yaani 2^7 − 1 = 127 badala ya P): 4, 14, 67, 42, 111, 0. Kwa kipeo 11 mfuatano unaishia 1736, kama inavyopaswa, maana 2047 = 23 × 89. Kipimo kizuri zaidi kipo hatua moja kabla ya mwisho: kwa P lazima namba iwe 2^64 au P − 2^64, kwa sababu mraba wake ni 2^128, yaani 2. Kikitokea kitu kingine chochote hapo, kosa liko katika hatua zilizotangulia.

Kinachofuata ni P − 1. Inavunjika vizuri mno: 2 × (2^63 − 1) × (2^63 + 1), na kigawo tasa kikubwa kuliko vyote ni 77158673929 tu. Kwa hiyo anayetaka kuficha siri kwa vipeo vya baki za P atafute namba nyingine, kwani logi zake (kukitafuta kipeo kilichofichwa kutoka kwenye jibu) hutafutwa kwa kigawo kimoja kimoja cha P − 1. Msingi wa 2 ni mbaya zaidi: vipeo vyake hurudi 1 kila baada ya hatua 127.