Mjomba kapimwa homa ya ini D leo

Nimempeleka mjomba kliniki hapa Chake, ana homa ya ini B muda sasa, daktari akasema tumpime na D pia.

"Kwani hii B haitoshi?"

Tukaelezwa, kirusi cha D hakijiwezi, hakina ganda lake, kinavaa ganda la kirusi cha B ndo kiweze kuingia kwenye ini. Asokuwa na B hapati D, lakini vikikutana vyote viwili ini linaharibika haraka zaidi. Na chanjo ya B ndo hiyo hiyo inokinga D, wallahi hilo limenifurahisha.

Damu ikitolewa mjomba kanibana mkono vidole vikawa vyeupe, mtu mzima yule, roho imeniuma mno.

Majibu bado, tuombeeni.

Nyie mshapima B? Na wanenu washachanjwa? Nambieni.