Ripoti ya Saa Kumi Alfajiri

Msimu wa kaskazi wa mwaka 2013, hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi ilijaa Waitaliano hadi vyumba vya nyuma, na mpishi mkuu akawa ananunua samaki kwa kubahatisha. Mfumo wa vyumba uliweka taarifa zake kwenye hifadhidata ya Oracle. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameandika skripti, yaani programu fupi, ya lugha ya Python ya kuchota orodha ya wageni kila siku saa kumi alfajiri na kuichapa jikoni, ili mzee ajue achukue nguru na kolekole wangapi kabla hajateremka kwa wavuvi. Mchana karatasi ilitoka. Alfajiri, patupu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii mashine yenu mbona hufanya kazi mkiwa mwaitazama tu?"

Meneja alikuwa amenieleza tatizo hilohilo kwa nusu saa nzima na sikumwelewa. Mzee alilimaliza kwa sentensi moja. Kweli, nilipoiendesha skripti kwa mkono ilipita bila kikwazo. Lakini logi ya alfajiri, yaani kumbukumbu ya mashine, ililalamika kila siku kwamba faili la Oracle liitwalo libclntsh.so.11.1 halionekani, na faili lenyewe lipo pale pale kwenye diski, nalitazama.

Wakati ule Python haikuzungumza na Oracle ana kwa ana. Moduli ya cx_Oracle ndiyo iliyokuwa mkalimani, na mkalimani naye hakutegemea ila maktaba za Oracle wenyewe, yaani mafaili ya programu saidizi, ambazo wao huzigawa zikiwa zimeshageuzwa kuwa lugha ya mashine. Ndani yake huoni kitu. Kazi yako ni kuziweka mahali na kuiambia Linux, mfumo endeshi wa mashine, mahali hapo ni wapi. Fundi yule aliziweka chini ya /opt, akaandika njia yake kwenye LD_LIBRARY_PATH, mpangilio wa mazingira unaoionyesha Linux pa kutafutia maktaba, ndani ya .bashrc, faili la mipangilio yake binafsi. Akiingia yeye kwenye mashine, mambo shwari. Lakini cron, inayoamsha kazi za alfajiri, haisomi .bashrc ya mtu.

Nadhani aliligundua hilo, kwa sababu juu kabisa ya skripti nilikuta ameiweka LD_LIBRARY_PATH tena kwa os.environ, njia ya Python ya kubadilisha mazingira. Haikumsaidia. Linux huisoma njia hiyo wakati programu inaanza kupakiwa. Python inapofikia mstari wa kwanza wa skripti, wakati umeshapita. Ni kama kumpa nahodha ramani jahazi likiwa limeshapanda mwamba.

Sikutaka kungoja alfajiri ili nihakikishe. Niliiendesha skripti kwa amri ya env -i, yaani nikaivua mipangilio yote ya mazingira, ikaanguka mchana kweupe kwa maneno yaleyale ya kwenye logi. Hapo nikajua nimeipata. Nikaandika njia ya maktaba, mstari mmoja tu, kwenye faili jipya ndani ya /etc/ld.so.conf.d, folda ya njia za maktaba za mashine nzima, nikaendesha amri ya ldconfig ili Linux iziandike kwenye daftari lake yenyewe, bila kumtegemea aliyeingia. Nikaivua tena kwa env -i. Ikapita.

Alfajiri karatasi ikatoka, na asubuhi nikaitwa mapokezi. Hesabu ilikuwa sawa, ila majina ya Kiitaliano yalikuwa yameharibika: herufi zenye alama juu nyingine zimevuliwa alama, nyingine zimegeuka alama za kuuliza. Dada wa mapokezi hakufurahi, maana nakala yake ndiyo aliyopangia mapokezi ya uwanja wa ndege. Kumbe NLS_LANG nayo, inayoiambia Oracle unatumia herufi za aina gani, ilikuwa imebaki kwenye .bashrc ileile. Isipowekwa, Oracle huchukulia kwamba unataka herufi za msingi za Kiingereza peke yake. Hii sasa os.environ inaifaa, mradi uiweke kabla ya kuiita cx_Oracle, kwa sababu inayoisoma ni maktaba ya Oracle yenyewe inapoanza kazi. Nikaweka AMERICAN_AMERICA.AL32UTF8, aina inayobeba herufi zenye alama, majina yakarudi na alama zake.

Mzee alipoishika karatasi iliyofuata aliisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila mstari.

"Na wasiokula pweza, inawajua?"

Nikafungua mfumo kuangalia. Watu wa mapokezi walikuwa na safu ya maelezo ya mgeni, na waliijaza vizuri kuliko nilivyotarajia. Jioni ile nikaiongeza kwenye ripoti.