Kibuyu cha Cooper Hewitt

Ukitazama picha ya taa ya mvuke wa zebaki ya mwanzoni mwa karne ya 20, jicho hukimbilia mrija: kioo chembamba, kirefu kuliko bakora ya mzee, kimening'inia mshazari chini ya dari ya kiwanda. Mrija ndio unaowaka, kwa hiyo mtu hudhani mrija ndio taa. Tazama ncha ya chini, pale kioo kinapovimba kama kibuyu kidogo chenye zebaki kitakoni. Akili yote ya taa hii imewekwa hapo.

Kuwasha tao la umeme, yaani umeme unaopita ukiwaka ndani ya mvuke, kwenye zebaki halikuwa wazo jipya. John Thomas Way aliliwasha London mwaka 1860, juu ya mtiririko mwembamba wa zebaki. Mwaka 1892 Leo Arons, Berlin, akaliingiza ndani ya kioo kilichotolewa hewa, na maabara za fizikia zikapata chanzo kizuri cha mwanga wa kijani. Lakini hakuna mwenye kiwanda ambaye angetundika kifaa cha Arons juu ya mashine zake. Aliyefikisha taa sokoni ni Peter Cooper Hewitt wa New York, aliyekuwa na maabara kwenye mnara wa Madison Square Garden. Hataza zake za kwanza za taa hii zilitoka tarehe 17 Septemba 1901, na mwaka uliofuata kampuni ikaundwa kwa msaada wa George Westinghouse.

Alichokiona Hewitt ni kwamba mwanga wa taa hii unatawaliwa na mgandamizo wa mvuke, na mgandamizo wa mvuke unatawaliwa na sehemu iliyopoa kuliko zote ndani ya kioo. Zebaki kwenye joto la chumba, nyuzi 20 za Selsiasi, hutoa mvuke wa mgandamizo wa milimita 0.0012 tu, yaani kimo cha safu ya zebaki ambayo mvuke huo unaweza kuinyanyua. Kwenye nyuzi 100 unafika milimita 0.27, kwenye 150 milimita 2.8, kwenye 200 milimita 17. Zisome tena hizo namba. Nyuzi 50 tu zinauzidisha mgandamizo mara 10 mwanzoni, halafu mara 6. Mvuke ukiwa mwembamba mno, umeme unapita lakini mwanga ni hafifu. Ukiwa mzito mno, volti zinazohitajika kuusukuma mkondo zinapanda mpaka njia ya umeme haizimudu, na tao linakatika. Eneo zuri kwa mrija wa kioo cha kawaida ni milimita 1 au 2 hivi, yaani ukanda mwembamba wa joto ambao taa lazima ikae humo yenyewe, mchana na usiku, bila mtu kuigusa.

Kibuyu ndicho kinachofanya kazi hiyo. Uso wake ni mpana, kwa hiyo kinatoa joto nje upesi kuliko mrija. Mvuke unaofika humo unaganda kuwa matone na kurudi kwenye dimbwi. Mkondo ukizidi, zebaki nyingi zaidi inachemka, lakini kibuyu nacho kinapata moto na kutoa joto zaidi, mpaka pande mbili zinalingana. Mtengenezaji anachagua ukubwa wa kibuyu kulingana na mkondo atakaopitisha: kikiwa kidogo mgandamizo unapanda kupita kiasi, kikiwa kikubwa taa haipati moto wa kutosha na inabaki na mwanga wa kinyonge. Taa iliyopigwa na upepo wa feni au kutundikwa karibu na mlango kwenye baridi huonyesha jambo hilo waziwazi, maana mwanga unashuka ingawa umeme uko vilevile.

Sasa vipimo. Aina iliyoenea kwa umeme wa volti 110 wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu, ilikuwa na mrija wa inchi 45, karibu sentimita 114, wenye kipenyo cha inchi 1 hivi. Ilikula ampia 3.5, jumla wati 385, na kutoa mwanga wa mishumaa 700 hivi. Hiyo ni wati 0.55 kwa mshumaa, wakati balbu ya nyuzi ya kaboni ya siku zile ilikula wati 3 na ushei kwa mshumaa mmoja. Kwa mwenye kiwanda hesabu ilikuwa imekwisha hapo.

Kwa nini ampia 3.5, na si 1? Jibu liko juu ya dimbwi la zebaki. Tao linapogusa zebaki linaacha doa dogo lenye mwanga mkali sana, linalokimbia huku na huku usoni pa dimbwi kama mende aliyemulikwa. Doa hilo ndilo mlango wa elektroni. Ukiupunguza mkondo, doa linaanza kusitasita, na chini ya ampia 3 hivi halina uhakika wa kuishi: likizimika kwa kitambo kidogo kabisa, taa yote imezimika. Ndiyo maana taa ndogo ya zebaki ya aina hii, ya kuweka mezani, haikuwa rahisi kutengeneza.

Upande wa juu kuna anodi, ncha chanya ya taa, ambayo ni kikombe cha chuma. Chuma kilichaguliwa kwa sababu zebaki haikiyeyushi. Shaba, fedha, zinki na dhahabu zote huingiliana na zebaki na kuwa uji. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua tabia hiyo kwa dhahabu, ndiyo wanayoitegemea. Kikombe kinatakiwa kuwa na uso mpana, kwa sababu elektroni zinapokigonga kinapata moto mkali, na kikiwa kidogo kitawaka chekundu na kuanza kutoa gesi zilizojificha ndani ya chuma. Waya unaopitisha umeme kwenye kioo, pande zote mbili, ni wa platini. Bei yake ilikuwa chungu, lakini platini na kioo laini hutanuka karibu sawa vikipata moto. Ukiweka waya wa chuma mahali hapo, kioo kitapasuka kikipoa, au kitaacha mwanya usioonekana kwa macho ambao utaingiza hewa kidogo kidogo.

Mrija hautundikwi mlalo kamili. Unainamishwa kidogo, kibuyu kikiwa chini, ili zebaki iliyoganda njiani iteremke nyumbani. Fundi akikosea mwinamo, zebaki inajikusanya upande wa anodi, inaruka ikichemka, na tone baridi likigusa kioo cha moto huo ndio mwisho wa mrija.

Aliyewahi kufunga taa za mirija anajua habari ya choki, koili inayozuia mkondo wa taa usizidi. Taa ya Hewitt nayo ilihitaji kizuizi cha namna hiyo. Tao la mvuke lina tabia ya kinyume na waya: mkondo ukiongezeka, ukinzani wake unapungua. Ukiliunganisha moja kwa moja kwenye volti 110, mkondo utajivuta wenyewe kwenda juu mpaka fyuzi iungue au kioo kipasuke. Kwa hiyo mrija uliachiwa volti 70 hivi, na zilizobaki zikamezwa na rezista iliyofungwa mfululizo na taa. Chukua volti 40 mara ampia 3.5: wati 140 zinageuka joto tupu juu ya dari. Pamoja na rezista kulikuwa na koili nzito yenye kiini cha chuma. Koili haipunguzi mkondo mnyoofu uliotulia, ila umeme wa mji ukiyumba kwa nukta moja inaushikilia mkondo usianguke chini ya kiwango cha doa.

Kuwasha ndiko kulikokuwa na vituko. Zebaki baridi ni mbishi, inakataa kutoa doa la kwanza hata ukiipa volti 110 zote. Njia ya zamani ni kuinamisha taa kwa mnyororo. Zebaki inatiririka kama utepe kutoka kibuyuni hadi kwenye anodi, umeme unapita kwenye utepe huo, halafu unauachia mrija urudi. Utepe unapokatika, cheche inazaliwa pale unapokatikia, mvuke unajaa, taa imewaka. Ni njia rahisi na isiyo na vifaa vingi, lakini ukiirudisha taa haraka utepe unakatika vipande vipande na hakuna kinachowaka, na ukiichelewesha unapitisha mkondo mkubwa kwenye zebaki bure. Katika karakana yenye taa 60 kazi hiyo ni adhabu.

Njia ya pili ni ya kupendeza. Kwenye mkondo wa pembeni, sambamba na taa, kuna swichi ndogo ya zebaki iliyofungwa ndani ya kioo chake chenye ombwe. Ukiwasha umeme, mkondo unapita kwenye koili na swichi hiyo, si kwenye taa. Koili inageuka sumaku, inavuta swichi, swichi inapinduka na zebaki yake inatengana ghafla. Mkondo uliokuwa ndani ya koili hauna pa kwenda, kwa hiyo koili inarusha teke la volti elfu kadhaa, na teke hilo linaipiga taa. Ili lifike panapotakiwa, kibuyu kimevishwa nje mkanda mwembamba wa metali usawa wa uso wa zebaki, nao umeunganishwa na upande wa anodi. Teke linapokuja, cheche ndogo inaruka kwenye ukingo ambapo zebaki inagusana na kioo, na ubishi wa zebaki unavunjika. Taa ikikataa, sumaku inaachia, swichi inarudi, mzunguko unaanza tena: tak, tak, tak, mpaka iwake. Ikishawaka, mkondo wake wenyewe unaishikilia swichi ikiwa wazi. Mantiki ya stata ya taa za mirija zenye choki ni ileile, kukata mkondo wa koili ghafla ili ipige teke.

Kazi ya kutengeneza mrija ni kazi ya usafi kuliko kitu kingine. Zebaki inaoshwa kwa asidi ya naitriki iliyozimuliwa, kisha inakenekwa. Kipimo cha haraka ni kuimimina kwenye sahani: zebaki safi inakimbia kwa vishanga vya mviringo, chafu inaburuta mkia nyuma yake. Kioo kinapashwa moto kwenye tanuri huku pampu ikivuta, kwa sababu maji na hewa vimeng'ang'ania ukuta wa ndani na havitoki kwa kuvuta peke yake. Halafu, pampu ikiendelea, taa inawashwa kwa mkondo mkubwa kuliko atakaoutumia mnunuzi, hadi kikombe cha chuma kiteme gesi zake. Anayeharakisha hatua hii anauza taa itakayowaka vizuri kwa wiki chache, kisha ianze kugoma.

Ombwe zuri linajulikana kwa sikio. Inamisha mrija polepole, zebaki igonge mwisho wa kioo: ikilia ting, mlio mkavu kama chuma kwa chuma, hakuna hewa ya kuizuia. Ikigonga kwa sauti nzito, kuna gesi. Usiirudie hiyo kwa kujifurahisha. Sentimita 10 za ujazo za zebaki zina uzito wa gramu 136, na bila hewa ya kuzuia zinagonga kioo kama nyundo. Mirija mingi ingepona safarini laiti ingebebwa kibuyu kikiwa chini muda wote. Taa iliyoingiwa na hewa inajitangaza pia kwa rangi: badala ya kijani cha buluu, teke la koili linaleta mng'ao wa waridi unaofifia.

Kosa baya kuliko yote ni kugeuza nyaya. Doa likikaa kwenye kikombe cha chuma badala ya zebaki, chuma kinaliwa, kinapaa na kutanda ukutani kama masizi, na mrija haufai tena. Mara nyingi taa iliyounganishwa kinyume hukataa tu kuwaka. Bahati mbaya ni ile inayokubali. Zebaki nayo ikipungua kibuyuni hadi waya wa platini uchungulie, doa litahamia kwenye waya na kupasua kioo pale pale unapopita.

Halafu rangi. Mwanga wa zebaki ni mistari michache: nanomita 405, 436, 546, na miwili iliyobanana ya 577 na 579. Nyekundu karibu haipo. Midomo inaonekana ya zambarau iliyoiva, nyama buchani inaonekana imeoza. Waliotia rangi ya rodamini kwenye kiakisi walipata wekundu kidogo, maana rodamini inameza kijani na kurudisha nyekundu, ila rangi yenyewe inafifia kwa mwanga huohuo. Wachoraji wa ramani za mashine hawakujali; mwanga wa mrija mrefu hauna vivuli vikali. Wapiga picha na studio za kwanza za filamu za New York waliufurahia zaidi, kwa kuwa filamu za siku zile hazikuiona nyekundu hata ikiwepo.

Kwa mkondo geu, ule unaobadili mwelekeo mara kwa mara, taa ilizimika kila mkondo ulipopita sifuri, kwa sababu doa halisubiri. Hewitt akaweka anodi mbili zinazopokezana na koili ya kuvusha mkondo kwenye pengo, huku zebaki ikibaki kathodi, yaani ncha hasi, moja ya wote. Kilichotoka chini ya kathodi hiyo kilikuwa mkondo mnyoofu. Mwaka 1902 alikuwa tayari amekibuni kama kifaa kingine kabisa, cha kuchaji betri na kuendesha mota. Humo mwanga haukuhitajika, kwa hiyo mrija ukafupishwa ukawa mikono tu ya kushikia anodi. Kibuyu kikakuzwa mpaka kikawa mtungi mkubwa wa kioo, kazi yake ikiwa ileile ya kupoza mvuke na kuurudisha zebaki kitakoni.